Nyasi Hazihesabu Ng'ombe

Mvua zikikosekana misimu miwili mfululizo, hukumu hutoka kabla mizoga haijakauka: mifugo imezidi, ipunguzwe. Waziri huitamka, mkuu wa wilaya huirudia, magazeti huiwekea kichwa cha habari. Hukumu hii ina umri mkubwa kuliko serikali zetu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya iliwaswaga ng'ombe wa Wakamba wa Machakos wakauzwe kwa nguvu, ikidai wingi wao ndio ulioichakaza ardhi. Samuel Muindi Mbingu akawaongoza wenzake kwa maelfu hadi Nairobi kupinga, na serikali ikalazimika kulegeza kamba. Usukumani, upande wa Tanganyika, amri za kupunguza mifugo zilizotolewa baada ya Vita Kuu ya Pili zilikuwa miongoni mwa zile zilizowachosha watu na utawala wa kigeni. Wakoloni waliondoka, kanuni yao ikabaki ofisini: pima eneo, kadiria majani, gawanya kwa idadi ya ng'ombe, na jibu likizidi toa agizo. Kwa maoni yangu kanuni hiyo inahesabu kisichostahili kutangulia. Malisho ya nyanda kavu huuawa na mdomo unaorudi kwenye shina lile lile kabla shina halijapona, wawe ng'ombe kumi au elfu. Kinachouzuia mdomo huo usirudi mapema ni kuwapo kwa watu wenye mamlaka ya kusema "hapa bado" na wakasikilizwa. Anayetaka kutunza malisho aanze kwa kuyajenga mamlaka hayo, na kalamu ya kuhesabu ije baadaye.

Tuanzie chini ya ardhi. Jani la nyasi huchipua kutoka karibu na udongo, ndiyo maana nyasi huvumilia kung'atwa kuliko mmea unaorefuka kutoka kileleni. Uvumilivu huo hauji bure. Mmea uliong'atwa hutumia kipande cha jani kilichobaki kutengeneza chakula cha kuotesha jani jipya, na muda wote huo mizizi husubiri zamu yake. Mwaka 1955 mtaalamu wa Marekani, Franklin Crider, alichapisha matokeo ya majaribio ambayo hadi leo hunukuliwa na maofisa wa malisho. Alipoondoa asilimia 40 ya majani, mizizi iliendelea kukua kama kawaida. Alipoondoa asilimia 80 kwa mkato mmoja tu, mizizi yote ilisimama kukua kwa siku 12. Majaribio hayo yalifanywa mbele ya macho ya watafiti, mbali na kwato na jua la mbugani, kwa hiyo tarakimu zake zisichukuliwe kama sheria. Lakini mwelekeo wake unaeleza mambo mengi. Ng'ombe kumi walioachwa mahali pamoja mwaka mzima huchagua. Huzirudia zile nyasi tamu za kudumu, kama Themeda triandra na Cenchrus ciliaris, kila zinapotoa chipukizi, na kuziacha zile ngumu zizeeke. Mizizi ya nyasi tamu hufupika mwaka hadi mwaka, na kiangazi kikali kikifika hazina pa kuchota maji. Nafasi yake huchukuliwa na nyasi za msimu zinazonyauka mapema, kisha vichaka, kisha udongo mtupu ambao mvua ya kwanza huupeleka korongoni. Ng'ombe mia waliopita hapo kwa wiki moja, wakala kwa pupa kila kilichopo, wakahama na kuliacha eneo hadi msimu mwingine, huacha nyuma yao miezi ya kupona. Daftari la idadi litamlaumu mwenye mia na kumsifu mwenye kumi.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko Serengeti, ingawa wanaoipenda Serengeti mara nyingi hawautumii upande huu. Sotoka ilipodhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe waliozunguka hifadhi, nyumbu waliokuwa kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliongezeka hadi kufikia takriban milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Midomo iliongezeka mara tano katika eneo lile lile. Kwa kanuni ya kugawanya majani kwa vichwa, nyanda zile zingekuwa jangwa. Hazikuwa. Nyasi ndefu zilizokuwa zikibaki na kuwa kuni za moto zilipungua, mioto ikapungua pia, na miti michanga ikapata nafasi ya kukua. Samuel McNaughton, aliyechunguza nyasi za huko kwa miaka mingi, alionyesha kwamba zilizoliwa kwa kiasi huchipua kwa nguvu zaidi kuliko zilizoachwa. Siri ni ratiba: masika nyumbu wako kusini kwenye nyasi fupi zenye madini mengi, kiangazi wako kaskazini hadi Mara, na kila upande hupumzika wakati upande mwingine unaliwa. Mtu anaweza kusema kwamba nyumbu hudhibitiwa na njaa, na kwamba hakuna mfugaji anayependa kudhibitiwa hivyo. Ni kweli, na hapo ndipo binadamu anapotofautiana na nyumbu: anaweza kuuza, kuchanja, kuhifadhi malisho na kupeleka kijana mbele kutazama majani kabla ya kuhamisha kundi. Lakini sharti la kwanza, yaani nafasi ya kuondoka na sababu ya kutorudi mapema, ni moja kwa wote wawili.

Kuna sababu nyingine inayoifanya hesabu ya vichwa iyumbe, nayo ni mvua yenyewe. Mwaka 1988 James Ellis na David Swift waliandika kuhusu Turkana Kusini makala iliyobadilisha fikra za wataalamu wengi wa malisho. Walionyesha kwamba mahali ambapo mvua hutofautiana sana mwaka hadi mwaka, ukame huwapunguza ng'ombe mara kwa mara kabla hawajafikia idadi ya kuyamaliza majani, na kwamba hali ya nyasi hufuata mvua zaidi kuliko inavyofuata mifugo. Kwenye nyanda za namna hiyo, swali "eneo hili lina uwezo wa kubeba ng'ombe wangapi?" halina jibu moja. Mwaka huu linaweza kubeba elfu tano, mwaka ujao mia tano, na wastani wa miaka hiyo miwili ni idadi ambayo haikufaa mwaka wowote. Isieleweke kwamba hali ni hii kila mahali. Kwenye miinuko yenye mvua ya kuaminika, kama Lushoto au nyanda za juu za Mbeya, majani hufanana kila mwaka na idadi ya mifugo kwa ekari ni kipimo chenye maana. Huko mwenye ng'ombe wengi kuliko majani yake anaiharibu ardhi, na hakuna nadharia itakayomtetea. Kosa letu ni kuichukua kanuni inayofaa Lushoto na kuipeleka Longido.

Wazee wa nyanda kavu hawakuhitaji makala hiyo. Wamaasai hutenga alalili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili ndama, wagonjwa na ng'ombe wa maziwa wapate pa kula kiangazi, na kundi kubwa hupelekwa mbali kwenye ronjo, yaani kambi za muda. Waborana wa Isiolo na Marsabit huigawa ardhi yao, dedha, katika malisho ya masika, ya kiangazi na ya akiba kwa ukame mkali, na wazee ndio wanaoamua lini mtu avuke kutoka moja kwenda nyingine na nani anywe kisima kipi. Mfano ulioandikwa zaidi ni ule wa ngitili, yaani malisho ya kufungwa ya Wasukuma. Shinyanga ya miaka ya 1980 ilikuwa kielelezo cha nchi iliyovuliwa nguo: misitu ilikuwa imekatwa kupambana na mbung'o na kupisha pamba, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa imewahamisha watu kutoka kwenye ngitili walizozilinda, zikabaki bila mwenyewe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ulikuwa na mawazo ya kawaida ya maofisa, yaani vitalu vya miche na kampeni za kupanda miti. Wananchi hawakuichangamkia sana miche hiyo. Mradi ulipobadili mwelekeo na kuwaachia watu wazifunge upya ngitili zao, za familia na za kijiji, dagashida, baraza la kimila, ikitunga kanuni na sungusungu, walinzi wa jadi, wakizisimamia, mambo yalikwenda kwa kasi ambayo hakuna aliyeipanga. Mwanzoni ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 makadirio yalizidi hekta 300,000. Nyasi zilirudi, miti ikachipua yenyewe kutoka kwenye visiki vilivyokuwa hai chini ya ardhi, na kuni, asali, dawa na majani ya kuezekea yakapatikana karibu na nyumbani. Hakuna aliyeamriwa kuuza ng'ombe. Kilichobadilika ni kwamba kijiji kilirudishiwa haki ya kufunga.

Sitaki kuipamba Shinyanga. Ngitili nyingi zilizorudi ni za watu binafsi, na mwenye ardhi kubwa alipata ngitili kubwa, huku maskini asiye na ng'ombe wala eneo akizidi kubanwa pale ardhi ya wote ilipopungua. Kufungia malisho ni kumfungia mtu fulani, na asiyejiuliza ni nani atajikuta amejenga uzio wa matajiri kwa jina la mazingira. Hata hivyo kasoro hiyo ni ya mgawanyo, na mgawanyo unarekebishika kwa watu kukaa kikao. Udongo ukishakwenda na maji haurekebishiki kwa kikao.

Sasa tugeuze upande, tutazame kinachotokea mzunguko unapokatwa. Kuanzia mwaka 1970, kwenye nyanda za Basotu wilayani Hanang, serikali ya Tanzania ilianzisha kwa msaada wa Kanada mashamba ya ngano ambayo hatimaye yalikuwa saba, kila moja la ekari zipatazo 10,000. Kwa kuitazama ramani ya wilaya, eneo hilo halikuwa kubwa. Lakini lilimeza muhajega, yale mabonde yenye udongo mzito na nyasi nono ambayo Wabarabaig waliyatumia kwa msimu wake, na kwa kuyatumia huko wakayapa mapumziko malisho mengine yote. Kundi lilipokosa pa kwenda msimu huo, lilibaki kwenye miteremko na vichaka ambavyo zamani vilikuwa vikipona. Vikaanza kuchakaa, na mtaalamu aliyefika baadaye akaandika kwamba Wabarabaig wana ng'ombe wengi mno. Idadi haikuwa imeongezeka. Nafasi ya kuondoka ndiyo iliyopotea. Malisho ni mfumo ambao kipande kidogo kinaweza kushikilia kipande kikubwa. Bonde lenye maji, mwambao wa mto, kisima cha kiangazi, njia ya upana wa mita hamsini ya kupita kati ya mashamba: ukiyachukua hayo, ardhi iliyobaki hata ikiwa kubwa inakuwa gereza lenye majani machache.

Kajiado ilipitia njia nyingine ikafika pale pale. Sheria ya Kenya ya mwaka 1968 iliunda ranchi za vikundi ili wafugaji wawe na hati, wakopesheke na wapunguze mifugo. Kupunguza hakukutokea, mikopo ilikuwa haba, na kuanzia miaka ya 1980 wanachama wakaanza kuzigawa ranchi hizo kipande kwa kipande, wengi wakihofia kwamba viongozi wao na watu wa mjini wangewatangulia. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa hiyo siwalaumu. Lakini mvua ya Kajiado hainyeshi kwa kufuata vigingi vya mpima ardhi. Hunyesha hapa ikaruka pale, na mwenye ekari 100 zilizorukwa hana la kufanya isipokuwa kukodi kwa jirani au kuuza. Mwaka 2004 Randall Boone na Thompson Hobbs walitumia kompyuta kukadiria jambo hili kwa eneo la Afrika Kusini: eneo la kilomita za mraba 300 likikatwa vipande vya kilomita za mraba 10 kila kimoja, idadi ya mifugo inayoweza kuishi humo hupungua kwa karibu moja ya tano. Mvua ni ile ile na majani ni yale yale. Uzio peke yake umekula sehemu ya tano ya kundi.

Hapa ndipo anapoingia mpinzani mkuu wa hoja yangu, Garrett Hardin, ambaye mwaka 1968, mwaka ule ule wa sheria ya Kenya, alidai kwamba malisho ya wote lazima yaangamie. Kila mchungaji, alisema, hunufaika peke yake kwa ng'ombe anayemwongeza, na hasara hugawanywa kwa wote. Kwa hiyo kila mmoja ataongeza hadi mwisho. Hoja hiyo imejengwa vizuri, na kuna mahali inatokea kama ilivyoandikwa. Kosa lake ni kudhani kwamba mahali pa wote ni mahali pasipo mwenyewe. Elinor Ostrom alitumia maisha yake ya utafiti kuonyesha kwamba jamii nyingi duniani zimelinda mali ya pamoja kwa karne nyingi kwa masharti yanayofahamika: mipaka ijulikane, watumiaji watunge kanuni wenyewe, ulinzi uwepo, adhabu ianze ndogo ikue, na serikali isiwanyang'anye haki ya kujipanga. Alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009. Sharti la mwisho ndilo lililovunjwa kwetu. Mzee wa dedha aliyeweza kumtoza faini mgeni aliyevamia malisho ya akiba alikuta polisi wakimwambia kwamba Mkenya yeyote ana haki ya kwenda popote. Ngitili ilikuta katibu kata. Tulipoziondoa nguvu za wenyeji bila kuweka nyingine mahali pake, tuliitengeneza wenyewe ile hali aliyoieleza Hardin, kisha tukaitumia kama ushahidi kwamba alikuwa sahihi.

Mpinzani wa pili hana haja ya nadharia, ana sensa. Mwaka 1984 Tanzania ilihesabu ng'ombe wapatao milioni 12.5. Sensa ya kilimo ya 2019/20 ilipata karibu milioni 34. Ardhi haijaongezeka, na sehemu yake kubwa imekuwa hifadhi, mashamba na miji. Je, mzunguko gani utawatosha hao wote? Swali ni halali. Lakini tarakimu hiyo isomwe pamoja na nyingine. Watu nao walikuwa milioni 23 katika sensa ya 1988, na wakawa karibu milioni 62 mwaka 2022. Ng'ombe kwa kila Mtanzania hawajaongezeka. Wamebaki nusu au zaidi kidogo ya ng'ombe kwa mtu mmoja kwa miaka yote hiyo. Hakuna pupa mpya ya mfugaji hapo. Kuna watoto wanaokunywa maziwa, wanaoenda shule kwa ng'ombe aliyeuzwa, na kuna wateja wa nyama mjini ambao wamekuwa wengi kuliko wakati wowote. Agizo la kupunguza kundi kwa nusu maana yake ni kuipunguzia kaya riziki yake kwa nusu bila kumwambia baba mwenye kaya ale nini. Ndiyo sababu agizo hilo halijawahi kutekelezwa kwa hiari popote. Nakubali kwamba yapo maeneo, hasa pembezoni mwa miji na kwenye mabonde ya maji kama Usangu, ambako wingi umepita kiasi kwa kipimo chochote. Lakini chunguza walikotoka mifugo walioingia Usangu miaka ya nyuma, utakuta wengi wao walisukumwa kutoka mahali pengine palipofungwa. Operesheni ya mwaka 2006 na 2007 ya kuwaondoa Ihefu, kinamasi cha huko huko Usangu, iliwasukuma tena, Lindi, Kilwa na Rufiji, ambako wakulima hawakuwa wamejiandaa kuwapokea. Uharibifu ulihamishwa kwa lori.

Wengine husema dawa ni ranchi: uzio, mabanda, ng'ombe wachache wa kisasa. Nina heshima kwa ranchi iendeshwayo vizuri, lakini kwa nyanda kavu ushahidi hauipi ushindi. De Ridder na Wagenaar, waliolinganisha aina hizo mbili za ufugaji mashariki mwa Botswana mwaka 1984, waligundua kwamba ufugaji wa kienyeji ulizalisha zaidi kwa kila hekta kuliko ranchi za jirani, kwa kuwa mfugaji huvuna maziwa, nguvu ya kulima na nyama, wakati ranchi huvuna nyama tu. Ranchi humshinda mfugaji kwa uzito wa ng'ombe mmoja mmoja, na kama shabaha ni kumwuzia mnunuzi wa nje nyama laini, hilo lina thamani yake. Kutoka upande wa pili kabisa kuna Allan Savory wa Zimbabwe, aliyewavutia wengi kwa dai kwamba mifugo ikisongamanishwa na kuhamishwa kwa mpango italigeuza jangwa kuwa kijani. Angalau yeye ameelewa kwamba muda ndio jambo. Lakini David Briske na wenzake walipopitia majaribio ya miongo kadhaa mwaka 2008, hawakuona kwamba ratiba ya vitalu, kwa yenyewe, huzidi uchungaji wa kawaida ulio na idadi ya wastani. Mimi nalisoma tokeo hilo hivi: ratiba iliyoandikwa Januari haiwezi kujua mvua ya Aprili itanyesha wapi. Mchungaji anayeyatazama majani anajua. Kinachohitajika ni uhuru wa kuamua kwa wakati, na kalenda ya vitalu haitoi uhuru huo.

Kushindwa kuwaamini wachungaji wa namna hiyo kumetugharimu kwa namna nyingine pia. Mathenge, mti wa Amerika uliopandwa Baringo mapema miaka ya 1980 ili kuzuia udongo na kutoa kuni, uligeuka msitu wa miiba uliomeza malisho ya Wailchamus, na maganda yake yenye sukari yakawaozesha mbuzi meno. Mwaka 2006 wanakijiji waliishtaki serikali, wakamleta mahakamani mbuzi kibogoyo kuwa kielelezo. (Sijui shahidi gani mwingine ameieleza sera ya maliasili kwa ufupi kiasi kile.) Siku hizi dawa inayouzwa ni kaboni. Mradi mkubwa wa kaboni kaskazini mwa Kenya, unaohusu karibu hekta milioni 1.9, umejengwa juu ya wazo kwamba wafugaji wakichunga kwa mpango wa mzunguko udongo utahifadhi kaboni zaidi, na kampuni za ng'ambo zitalipa. Fedha kwa jamii si jambo la kudharau. Lakini wakosoaji wameuliza swali zito: mpango huo mpya unazidije dedha, na ikiwa dedha ndiyo iliyoitunza kaboni hiyo kwa vizazi, kwa nini malipo yahesabiwe tangu siku meneja wa mradi alipofika? Udongo wenyewe una kumbukumbu ndefu zaidi. Mwaka 2018 Fiona Marshall na wenzake walionyesha kwamba maboma ya kale huko Narok, yaliyohamwa kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita, bado ni viwanja vya nyasi nono kwa sababu ya samadi iliyolala humo. Sehemu ya mbuga tunayoiita ya asili ilitengenezwa na wafugaji waliokuwa wakihama.

Sheria zetu, kwa kweli, zinaruhusu njia bora. Tanzania ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na ile ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2007, ambazo zinaviwezesha vijiji kupanga kwa pamoja. Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilitumia mwanya huo kutenga eneo la malisho la pamoja lenye zaidi ya hekta 20,000, vikaunda chama cha wafugaji kulisimamia na kupata hati za hakimiliki ya kimila kwa jina la kundi. Kenya nayo ina Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Thamani ya mfano wa Kiteto ni kwamba unavunja ukuta wa kijiji kimoja, kwa kuwa hakuna kijiji chenye malisho ya masika na ya kiangazi yote ndani ya mipaka yake. Udhaifu wake ni kwamba kazi ya namna hiyo huchukua miaka ya vikao, huhitaji fedha za mpima ardhi, na mara nyingi husimama mfadhili anapoondoka. Wilaya hupangiwa bajeti ya majosho na malambo kwa sababu lambo hupigwa picha siku ya uzinduzi. Lakini lambo lililochimbwa katikati ya malisho ya akiba bila kuwauliza wenyeji huvuta mifugo huko mwaka mzima na kuiua akiba yenyewe. Maji ni ufunguo wa malisho, na anayeyaweka bila mpango amevunja kufuli.

Lipo pingamizi moja ambalo sina jibu kamili kwake. Mamlaka ya wenyeji hufanya kazi pale wenye ng'ombe wanapofahamiana. Siku hizi sehemu ya makundi yaliyo mbugani ni ya watu wasiokaa huko: mfanyabiashara wa mjini, mtumishi, mwanasiasa, ambaye huajiri kijana wa kuchunga na huwajulia hali ng'ombe wake kwa simu. Mtu huyo haji kwenye kikao cha malisho, haoni aibu mbele ya wazee, na faini ya kijiji kwake ni gharama ndogo ya biashara. Kamati ikimkamatia ng'ombe, simu hupigwa kutoka juu. Hapo ndipo serikali kuu inapohitajika kweli, na hapo ndipo haionekani. Mwaka 2010 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili zinazofuatana: Namba 12, ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo, na Namba 13, ya maeneo ya malisho na vyakula vya mifugo. Ile ya kwanza imepata hereni, mashine na kampeni ya kitaifa. Ya pili imebaki kulegalega, na maeneo mengi ya malisho hayajatangazwa rasmi wala kuwekewa alama. Hereni hizo zingeweza kuitumikia sheria ya pili. Kamati ya malisho ya kijiji ikipewa uwezo wa kusoma namba iliyo sikioni, itajua ng'ombe aliyeingia alalili mwezi wa Machi ni wa nani na mwenyewe anaishi mtaa gani Arusha, na hati ya faini itampata huko huko, ikiwa na nguvu ya mahakama ya wilaya nyuma yake. Kwa sasa taarifa hiyo hupanda Dodoma kuongeza jumla ya taifa, na mwenyekiti wa kamati iliyo Longido hana namna ya kuifikia.